Mwokoaji Aliyetundika Filimbi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Maji ya bwawa la kuogelea yametulia tuli. Mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anasukuma brashi ya mpini mrefu juu ya vigae vya chini, anafuata mstari mweusi hadi mwisho, anageuza, anarudi. Ameshapima dawa ya maji. Ameshachomoa waya wa redio ya kantini. Sasa anavua filimbi shingoni na kuitundika kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Mwokoaji kuvua filimbi kazini si jambo dogo. Tena huyu! Jina alilopewa na wazazi wake wengi hapa hawalijui. Kwao yeye ni Dada Filimbi, basi. Vijana waliokulia kwenye bwawa hili wanasimulia kwamba akipuliza, hata mtu aliyekwisha ruka alitamani kurudi juu. Wanatia chumvi, lakini si nyingi.

Leo hatapuliza. Kila Jumamosi, kabla bwawa halijafunguliwa kwa watu wote, asubuhi ni ya watoto wenye usonji na familia zao. Hakuna muziki, hakuna kelele, hakuna wa kumharakisha mtu. Mtoto akitaka kukaa kwenye ngazi ya kwanza na kutazama vidole vyake vya miguu mpaka muda uishe, atakaa, na hakuna atakayemshangaa. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko ya Dada Filimbi. Anakuja hivyo hivyo.

Mambo yalianza kwa kosa, na mwenyewe halifichi.

Miaka miwili iliyopita, fundi cherehani mmoja alifika na mwanawe wa miaka sita. Mtoto hasemi kwa maneno, na pale bwawani walimpachika jina la Bwana Mkubwa, kwa sababu hafanyi kitu mpaka aamue mwenyewe. Mama alieleza shida yake bila kuzungukazunguka. Mwanawe alipenda maji kupita kiasi. Mara mbili alishamchomoka nyumbani, mama akigeuza mgongo kidogo tu, na mara zote mbili alikutwa amesimama ndani ya shimo la ujenzi lililojaa maji ya mvua, maji yamemfika kifuani, hana habari na mtu. Mlango ukaongezwa komeo la juu. Bwana Mkubwa akajifunza kusogeza kiti.

Dada Filimbi, kwa ule ukali wake, alimuuliza mama yule: mtoto anayekimbilia maji, unamletaje kwenye maji mengi zaidi?

“Maji atayafuata tu, dada yangu,” fundi akamjibu. “Bora ayafuate akiyajua.”

Neno hilo lilimwingia. Masomo yakaanza, siku za kawaida, katikati ya watu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuogelea peke yake pale kijana mmoja alipokurupuka mbio ukingoni, juu ya vigae vilivyolowa. Dada Filimbi akafanya kile alichokifanya miaka yote. Akapuliza.

Bwana Mkubwa akaziba masikio kwa viganja. Mikono iliyokuwa inamshikilia juu ya maji ikaacha kazi yake, naye akazama vile vile alivyo, amejiziba masikio, macho kodo.

Alimtoa haraka, kabla hajameza maji ya kumdhuru. Lakini hata leo akilisimulia sauti inamshuka. “Nilidhani kitu hiki kinaokoa watu,” anasema, akiangalia kule kwenye msumari. “Siku ile nusura kiue mtoto, na mpulizaji ni mimi.”

Fundi hakurudi tena. Dada Filimbi alijikaza, akajifanya ana kazi nyingi, mwishowe uzalendo ukamshinda. Akaulizia nyumba mpaka akaipata. Alimkuta mama kwenye cherehani, akaomba radhi akiwa bado amesimama mlangoni. Mama hakuinua macho. Alimaliza pindo alilokuwa anashona, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema atarudi siku ambayo ile filimbi haitakuwepo.

Kazi ikawa kwa meneja wa bwawa. Meneja ni mtu mpole, ila kwa utaratibu hana masihara, na utaratibu unasema mwokoaji ni filimbi. Kukitokea hatari, watu wanatolewaje majini? Kwa kunong’onezwa? Baada ya mvutano wa siku kadhaa akakubali asubuhi ya Jumamosi iwe ya majaribio mpaka mwisho wa msimu. Jumamosi ya mwisho atakuja mwenyewe kuona. Kama watoto hawatatoka majini bila filimbi, asubuhi yao inafutwa.

Dada Filimbi akaenda stoo na kurudi na beseni la njano, lile la kufulia matambara.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Beseni linaelea upande wa kina kifupi, mahali panapoonekana na wote. Likikaa sawa, watoto wanacheza. Likigeuzwa kifudifudi, kila mtu anakwenda ukutani na kushika bomba la kujishikia, tayari kutoka. Baba mmoja, dereva wa lori, aliuliza kama wamekuja kuogelea au kufua, na benchi zima likacheka. Wiki zilipopita, aliyekuwa anamkumbusha binti yake kuhusu beseni alikuwa dereva huyo huyo.

Na benchi lile lina habari yake. Wazazi walikuja kwa ajili ya watoto, wakajikuta wamepatana wenyewe. Hapo ndipo utaambiwa kinyozi gani anakata kwa mkasi kwa sababu mashine inawatesa watoto, na mwalimu gani hafukuzi mtoto akianza kujizungusha. Dada na kaka za watoto hawa nao wanaogelea, maana ni asubuhi ya familia. Bibi mmoja alisema kuwa kwa mara ya kwanza amekaa na mjukuu wake mahali pa watu bila kuomba radhi.

Kwa Bwana Mkubwa, aliyekwisha kurudi na mama yake, lilibaki somo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: kulala chali. Mtoto anayejua kuelea chali anaweza kusubiri msaada. Huyu hataki hata kusikia. Maji yakimgusa masikio tu, anakurupuka. Kila Jumamosi Dada Filimbi aliweka kiganja chini ya kisogo chake, akasubiri, na akikurupuka alimwachia bila neno. Msimu ukaenda, na mtoto hakulala. Fundi aliacha kuuliza.

Siku ya meneja ikafika. Alisimama ukingoni na saa yake mkononi, filimbi yake mwenyewe shingoni. Wazazi walikaa benchini roho juu. Dada Filimbi akainama ukingoni, akaligeuza beseni.

Watoto wakaenda. Mmoja mmoja, wengine wakiruka-ruka, binti wa dereva akiwa wa kwanza kama kawaida yake, wakashika bomba. Wote, isipokuwa mmoja. Bwana Mkubwa alikuwa katikati ya maji, anatazama mwanga unavyocheza kwenye vigae. Dada Filimbi akasogea ajionyeshe, beseni mkononi. Wapi!

Meneja alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akasema huyo mmoja aliyebaki ndiye anayezikwa. Kisha, kabla hajazuiwa na mtu, akapuliza.

Pale ukutani watoto wakajikunja dhidi ya vigae, mmoja akalia. Fundi cherehani alisimama, taulo likamdondoka. Dada Filimbi alikwisha kunja magoti ajirushe.

Bwana Mkubwa alinyanyua viganja kuelekea masikioni. Vikaishia njiani. Akajilaza nyuma polepole, kisogo kikaingia, masikio yakaingia, tumbo likapanda juu. Akaelea chali, mikono ameitandaza, anaangalia mbingu. Meneja alikuwa bado anapuliza. Mtoto hakutikisika.

Masikio yakiwa ndani ya maji, filimbi haikumfikia.

Meneja akaitoa mdomoni. Bwana Mkubwa akasimama kwa wakati wake, akalitazama beseni, akatembea hadi ukutani na kushika bomba. Fundi alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta. Meneja alimfuata pale benchini akamwomba msamaha mbele ya watu, kwa aibu ya mtu mzima aliyeona madhara aliyokaribia kuyaleta. Wiki hiyo hiyo aliandika kwenye ubao wa ratiba, kwa rangi isiyofutika, kwamba asubuhi ya Jumamosi inabaki.

Sasa Dada Filimbi anamfundisha mwokoaji mwenzake kazi ya beseni, na tayari wenye mabwawa mengine mawili wameomba aende. Ndoto yake ni kila bwawa liwe na asubuhi kama hii, karibu na nyumbani, mzazi asilazimike kuanza safari usiku. “Na kila mtoto wao alale chali kwanza,” anasema. “Mengine tutamfundisha akiwa hai.”

Muda unakaribia kuisha. Anamwachia mwenzake ulinzi, anashuka ngazi na kulala juu ya maji pembeni ya Bwana Mkubwa. Miaka yote hii kazi yake imekuwa kuyatazama maji haya, kuyalalia hajawahi. Anakaa hivyo kitambo, kisha anainuka akichuruzika na kwenda kusimama mbele ya fundi cherehani.

Anamwambia sasa ameelewa kwa nini mwanawe hataki kutoka: huko ndani kumetulia kweli. Halafu anamuuliza kama lile komeo la juu bado lipo.

“Lipo, na nalifunga kila siku,” anasema fundi, akikunja taulo. “Ila siku hizi nikishalifunga, dada yangu, nalala.”