Picha ya Nyanya Akigeuza Ugali

Picha ya kwanza niliyompelekea dada mkubwa wa nyanya yangu, kule Nyacheki, aliisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua, kwa maana macho yake yamefifia. Kisha akauliza, "Huyu ni nani? Ama ni moshi?" Niliona aibu. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo, cheo nilichojipa mwenyewe, na nilikuwa nimepiga ukungu mtupu.

Alitaka kitu kimoja tu. Miguu yake imekataa safari, hajaonana na mdogo wake kwa miaka, naye alitaka kumwona jikoni. "Mtu yeyote anaweza kuvalishwa vizuri akapigwa picha uani," alisema. "Mimi nataka kujua kama bado anajipikia."

Basi Ijumaa moja nikaenda kwa nyanya, karibu na Itumbe. Ilikuwa lazima iwe Ijumaa: nyanya ni Msabato kamili, Jumamosi hapiki, na Jumapili asubuhi nilikuwa naenda Nyacheki. Tena Ijumaa jua likizama tu, simu zetu zote huingia ndani ya sufuria kuukuu na kufunikwa mpaka kesho yake jioni. Hakuna kubembeleza.

Jiko lake lina dirisha moja, tena dogo. Flashi niliizima, maana humfanya afumbe macho na kunigombeza. Lenzi ilikuwa na mafuta ya chapati. Nikaifuta kwa shati. Nikaegemea mwimo wa mlango, nikabana viwiko mbavuni, nikagusa uso wake kwenye kioo cha simu, nikatoa pumzi taratibu, nikapiga. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Yeye alikuwa anacheka, na kwenye picha akawa na vichwa viwili.

"Nyanya, tulia kidogo."

Hapo nilikosea. Kwa nyanya, kutulia mbele ya kamera ni mambo ya kitambulisho. Aliweka mwiko chini, akavuta kitambaa cha kichwa, akakaza uso. "Umeshaniandikisha?" akauliza, midomo haisogei. Nilicheka mpaka simu ikatikisika, na picha hiyo nayo ikaharibika.

Nje jua lilikuwa linashuka nyuma ya majani chai, na mimi nimeanza kukasirika.

"Leta sufuria," akasema.

"Nyanya, bado dakika chache!"

"Hizo dakika si zako. Wacha nigeuze ugali."

Akatwaa ekee yake, kikapu chetu cha kupakulia, kilichokaa kwenye moshi tangu kabla mama yangu hajazaliwa, akageuzia humo ugali wa wimbi. Ndipo nikaona jambo ambalo nimelitazama maisha yangu yote bila kulijali. Akishageuza, nyanya husimama na kuutazama ule ugali, ekee mikononi, haongei, hasogei, kama anayekagua mtoto mchanga. Nikazuia pumzi. Nikapiga tatu mfululizo, na kabla sijaziangalia, simu ikaingia sufuriani.

Sabato nzima sikujua nimepata nini. Kanisani niliiwaza ile sufuria kuliko mahubiri, Mungu anisamehe. Jumamosi jua lilipozama nikafunua kifuniko: ya kwanza ukungu, ya pili ukungu, ya tatu kila kunyanzi mahali pake. Nilipiga kelele mpaka kuku wakashtuka.

Kule Nyacheki dada yake aliisogeza puani kama kawaida.

"Ekee yangu," akasema.

Sikujua kwamba ni yeye aliyeisuka. Kidole chake kikagusa ukingo wa kikapu, picha ikakua, na kweli, mstari mmoja ulikuwa umepinda. "Hapa nilikosea. Nilikuwa nalia, alikuwa anaolewa kesho yake. Nilimwambia aitupe, nitamsukia nyingine!"

Alipoondoa kidole picha ikateleza, uso wa nyanya ukajaa kioo kizima. Akautazama, kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Tazama mashavu hayo! Anajipikia, huyu."