Kijiko cha Unga wa Kijani

Itangazwe ulimwenguni kote, na wenye kofia wazivue: Mama Tanuri, msomi wa darasa la saba na mlezi wa tanuri la maabara ya fizikia kwa miaka ishirini na miwili, amembwaga Profesa.

Kazi yake ni kuoka visahani vyeusi vya kauri. Kitumbukize kisahani kwenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ya kugandisha hata umbea, na umeme utapita humo bila kupotea hata chembe. Balaa ni sumaku. Ukiisogeza karibu, vimbunga vidogo vya sumaku hujipenyeza kwenye matabaka ya kisahani. Vikianza kuteleza huku na huko, umeme nao unapotea njiani.

Dawa ya Profesa ilikuwa usafi. Kila akikata kisahani cha Mama, hukuta vidoa vya unga wa kijani anaouchanganya Mama. Jumatatu akaja na barua: Mama ahamie stoo, akalinde mifagio.

"Mama, unanichafulia utafiti."

"Kabla hujatia sahihi, Profesa wangu, pima. Changu na chako, mbele ya sumaku."

"Na chako kikishindwa?"

"Mifagio nitaisalimia kwa niaba yako."

Wakapima. Kisahani cha Profesa, safi kama shati la bwana harusi, kilifika ampea ishirini, sindano ya mita ikaruka: umeme umeanza kupotea. Cha Mama kilipita thelathini, kikapita hamsini, sindano imelala fofofo. Profesa akaongeza umeme mpaka mtambo wenyewe ukaishiwa pumzi.

Ndipo alipotafuta kiti. Vile vidoa! Vimbunga vilikuwa vimenasa humo kama mbuzi kwenye vigingi, na mbuzi aliyefungwa hatembei. Usafi wake yeye ulikuwa umevifagilia barabara.

"Unga wa kijani unatia kiasi gani?"

"Kijiko kimoja cha chai. Viwili umeme unakosa pa kupita, nilishajaribu."

Barua ikachanwa vipande vinne. Profesa akatoa kalamu na daftari, sauti imelainika kama ya mkwe anayeposa.

"Mama, kwa ajili ya historia: nadharia hii uliifikiaje?"

"Visahani vyako safi vilikuwa vinapasukia tanurini; nikitia unga, vinatoka vizima. Na anayefagia ni mimi."