Wenye Matumbo

Kazini, kwenye maabara ya wadudu, walimwita Mama Poda, kwa sababu kila asubuhi alipaka poda kingo za ndani za masanduku ili sisimizi wateleze wasitoroke. Walikuwa wale wekundu, wanaochoma kama kaa la moto, na wataalamu walitaka kujua kama minyoo fulani ingeweza kuwapunguza mashambani. Yeye aliwalisha, kisha akawatenga waliovimba matumbo. Ndani ya kila mmoja ulijikunja mnyoo mwembamba kama uzi, mrefu kumpita mwenye mwili.

Miaka nenda rudi jicho lake halikukosea. Kosa alilifanya mezani kwake, siku binti yake, mwenye mimba ya kwanza, alipomuuliza kwa utani kama wale wadudu wake hawajambo. Mama akaona fahari kuulizwa. Akaeleza yote: mnyoo unavyokua kimyakimya, unavyokula kilichomo, hadi unapotafuta njia ya kutoka.

"Na yule mwenye tumbo?"

"Huyo hufa," akajibu, huku akichota mchuzi.

Tangu hapo binti hakula vizuri. Alisema kilichomo ndani hakichezi, kinajikunja. Wiki haikuisha akahamia kwa shangazi yake, akaagiza kwamba siku ya kujifungua mama yake asionekane. Shangazi alitania kwamba wifi yake angemtisha hata mkunga, ila mwenyewe hakucheka.

Mama Poda hakutulia. Kila alipoinamia masanduku aliwaona wenye matumbo wakijitenga na wenzao, wakijikokota kwenda kwenye pamba yenye maji, akahisi wanamtazama. Jumamosi akanawa mikono mpaka viwikoni, akaenda kuomba radhi.

Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alimsikiliza mama akisema kuwa mtu si mdudu, kwamba hata binti mwenyewe alibebwa tumboni na wote wawili wako hai. Machozi yakamlenga binti. Akalipandisha gauni, akauchukua mkono wa mama, akauweka tumboni.

"Haya, mama. Wewe ndiye unayeyajua matumbo. Niambie humu mna nini."

Chini ya ngozi kitu kikajiviringa taratibu, kikapita upande hadi upande. Alikuwa mtoto, mzima, mwenye nguvu. Mama Poda alijua hivyo, na angesema hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshajichomoa.

Binti akalishusha gauni lake.

"Nenda nyumbani, mama," akasema, kwa upole kabisa.