Yago Badala ya Baba

Nilipokuwa mtoto huko Katito, boma letu zima lilikuwa likimngoja marehemu.

Baba alikuwa mchukuzi Mlima Kenya, akiwabebea mizigo Wazungu waliokuja kupima barafu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Siku moja theluji mpya ilikuwa imefunika ufa kwenye barafu. Aliukanyaga, akazama. Mwenzake wa kazi, mtu wa Meru, ndiye aliyetuletea habari. Nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Dani, hakupiga yowe. Aliuliza tu mwili uko wapi.

"Mama, ule ufa ni mrefu, kamba haikufika," mgeni alisema. "Lakini barafu ya mlima haikai pahali moja. Inateremka pole pole. Tulisimamisha mti juu yake, mwaka uliofuata tukaupata chini. Chenye inameza, siku moja itatema."

Heri angenyamaza. Alitaka kumfariji mama wa watu, na faraja yake ikatufunga sote.

Kwetu, mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu, zito, la mti wa mwegea. Watu hulifunga kwa nguo, wakalililia kama yeye. Wazee walitaka tufanye hivyo. Dani alikataa katakata. Mwili uko njiani, alisema. Ukifika na kukuta kaburi limejaa, tutafanya nini, na mtu mmoja hachimbiwi makaburi mawili? Roho yake ingetuandama. Nani angembishia?

Basi tukangoja. Husemwa subira huvuta heri, lakini pia husemwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyeumia zaidi ni Mama. Kwa mila yetu, mke ambaye mumewe hajazikwa haruhusiwi kulala nje ya boma lake, naye mama yake mzazi alikuwa kitandani huko Kombewa, upande wa Seme, hajiwezi. Kila msafiri aliyetoka Seme alileta salamu zilezile: njoo. Mama aliegemea jembe, akasikiliza, akarudi kulima. Sijaona tena uso uliochoka namna ile, na mimi sasa nina wajukuu.

"Mama, niruhusu niende," Mama alimwambia Dani siku moja.

"Nyar Seme," Dani alimjibu, akimwita binti wa kwao kama ilivyo desturi, "barafu inatembea. Vumilia kidogo."

Kisha alasiri moja mvua ya mawe ikapiga eneo letu lote la Nyakach, ikalaza mahindi yote. Ilipokatika, uwanja ulikuwa mweupe. Dani aliijua mvua hiyo tangu utotoni, lakini siku hiyo aliniuliza barafu ya mlimani ikoje. Nikamweleza nilivyofunzwa shuleni: ni kama hii, ila nyingi mno, imeshindiliana mpaka ikawa mwamba.

Akachota konzi moja, akafumba mkono. Maji yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. Nilimwambia aitupe, hakuitupa, mpaka vidole vikakataa kufunguka.

"Ni baridi hivi?" akasema. "Na mtoto wangu amelala humo, bila blanketi?"

Hapo ndipo alipopiga lile yowe.

Kesho yake wazee walileta yago. Dani alilifunga kwa blanketi lake mwenyewe, akaliambia, "Wuoda, mwanangu, toka huko. Njoo nyumbani ulale." Tukazika. Matanga yalipokwisha, Mama alikwenda Kombewa. Alimkuta mama yake hai, lakini mzee huyo hakumtambua tena binti yake. Alimwogesha na kumlisha uji hadi mwisho wake.

Siku hizi nasikia barafu ya mlima ule inakwisha. Huenda mgeni yule alisema kweli, na Baba akatokea siku moja. Sina hamu tena ya kujua. Mwendo wa barafu si wa binadamu, na sisi tulikuwa tumechoka. Tulizika tunda, sote tukijua ni tunda. Lakini jioni ile ya mazishi Mama alijilaza mkekani na udongo wa kaburi ukiwa bado miguuni, akalala fofofo, na Dani akatukataza tusimwamshe.