Nilichoacha Kumwambia Shabani

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya upataji nafuu ya waraibu wa dawa za kulevya, nje kidogo ya mji wa Kilosa, nilimkuta kijana amejifunika blanketi mchana wa jua kali, anatetemeka na kutapika. Mimi muuguzi mzima, niliyezalisha wanawake wa Dumila miaka mingi, nikadhani ni malaria. Msimamizi wa nyumba akanicheka.

"Hiyo ni arosto, sista. Mwili unadai unga wake."

Kumwachisha mtu unga kulikuwa na nafuu. Kibarua kilikuwa kumzuia asirudie. Tuliwafundisha kutambua vichochezi, yaani watu, mahali na hali zinazoamsha hamu. Shabani, utingo wa malori, mtoto wa Mabwerebwere, hakuhitaji kufikiri.

"Mikumi, sista. Gari likipaki tu pale, mate yananijaa."

Alikaa nasi miezi mingi bila kugusa kitu. Kisha mama yake akaja kumchukua: mwanawe amepona, na tajiri mwenye lori anamwita kazini.

Nilitaka kumwambia jambo moja kabla hajaondoka. Mtu aliyeacha unga muda mrefu, mwili wake hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kile kile, pumzi hukatika. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi.

"Ukimwambia hivyo, unamfundisha kurudia," alinikaripia. "Hapa tunafundisha kuacha. Basi."

Nilimwogopa. Mimi niliyesifika Dumila kwa mdomo, nikafyata mkia. Nikamwambia Shabani aende salama.

"Ahsante, sista. Hapa hamtaniona tena."

Wiki haikuisha. Alikutwa amekufa katika chumba cha gesti, Mikumi. Dereva wake alisema alitumia kiasi kile kile cha zamani, wala hakuzidisha. Msimamizi akaandika kwenye faili kwamba marehemu hakuwa na nia ya dhati. Nilisoma nikatamani kulichana.

Msibani nilikaa mkekani na mama yake.

"Sista, wanaotumia kila siku wapo, wanatembea. Mbona amekufa aliyeacha?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Kazi ya Mungu haina makosa, mama." Akaitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo nilimwambia kila aliyefunga begi, msimamizi akisikia, mpaka nilipostaafu. Nanyi mnaoshika kazi hii, semeni, hata mkifukuzwa. Mama Shabani bado hunishukuru tukikutana sokoni kwa kumtunza mwanawe. Nami bado namwachia Mungu kosa langu.