Mama Aliyetolewa kwenye Picha ya Harusi

Ponmani alikuwa na mdomo mchafu na mji mzima ulijua. Lakini ukitaka mumeo aliye Dubai aonekane amempakata mtoto ambaye hajawahi kumwona, au babu aliyezikwa asimame kando ya bibi, ulimeza matusi yake ukaingia studio, pale mkabala na stendi ya mabasi.

Kazi alifundishwa na mumewe kabla hajafa, na alimpita kwa mbali. Kwenye kompyuta alihifadhi mwili wa mwanamume mmoja asiye na kichwa, amevaa suti ya bluu. Wanaume wengi wa mji ule hawakuvaa suti maishani. Wakishakufa, Ponmani aliwavika wote ileile, na tai ileile, na watoto wao wakalia kwa furaha.

Harusini hakwenda. Mjane hatakiwi machoni pa maharusi, kwa hiyo kamera aliibeba mdogo wake, Chelladurai, naye akabaki kungoja picha zimfuate. Hilo lilimchoma kila msimu wa ndoa, wala hakulificha. "Mikono yangu inafaa, uso wangu ndio mkosi," aliwaambia wateja. Walicheka, wakidhani anatania.

Siku moja akaingia Isakki, kijana aliyekuwa ametoka kuoa. Mama yake, Pechiammal, alimlea kwa kujaza baruti kwenye kiwanda cha fataki. Ponmani alimfungulia picha ya familia: maharusi katikati, wakwe kulia, na pembeni kabisa Pechiammal, sari yake haina hata ua, paji la uso tupu, kwa kuwa mjane haruhusiwi maua kwenye nywele wala kidoti chekundu.

Isakki akaweka kidole juu ya mama yake. "Dada, huyu mtoe. Hapo muweke baba."

Akatoa picha ya kitambulisho, ndogo, imefifia.

"Huyu wa kutolewa ndiye nani?" Ponmani aliuliza.

"Si ni mama yangu."

"Aa. Nilisikia 'huyu' nikadhani ni kiti."

"Usinianze, dada. Wakwe ndio wanaosema. Picha itakaa sebuleni, wageni wataona mjane kwenye picha ya harusi. Ni mkosi."

"Na maiti si mkosi?"

"Baba ni baraka."

"Baba yako alikufa amelewa, mtaroni, wewe bado unanyonya. Nani alikulisha? Hiyo baraka?"

"Mama mwenyewe amekubali."

"Ulimwuliza au ulimwambia?"

Isakki akaichukua ile picha ndogo ya baba yake. "Unafanya au hufanyi? Mbona kama mama ni wako?"

"Sifanyi. Nenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Atamfuta mama yako kabla chai haijapoa."

Akaenda, nakala ya picha ya harusi anayo kwenye simu. Haukupita muda mrefu, Ponmani akamwona anatoka kule na fremu kubwa kifuani. Pale alipokuwa mama, sasa alisimama mwanamume mwenye suti ya kahawia, miguu yake haigusi sakafu. Damu ilimchemka Ponmani. Walikuwa wameona afadhali mlevi anayeelea kuliko mwanamke aliyewalipia harusi.

Picha ya kwanza alikuwa bado nayo. Akaichapa kubwa kadiri ya dirisha lake la maonyesho, bila kugusa kitu, akaondoa picha za watoto wachanga zilizokuwa zikipamba pale, akaitundika. Kila aliyeshuka basi aliiona.

Saa sita mchana Isakki alikuwa kibarazani na baba mkwe wake.

"Itoe, au navunja kioo."

"Vunja. Nitaitundika nje."

Walipiga kelele mpaka wakachoka, wakaondoka wakiapa. Jioni akaja Pechiammal, moja kwa moja kutoka kiwandani, mikono ina vumbi la kijivu linalong'aa.

"Wamenituma, binti. Wanasema nikuombe mimi mwenyewe, uitoe."

Hasira ya Ponmani ikamgeukia yeye. "Na wewe ukaja. Umeshika baruti maisha yako yote, hata kulipuka hujajifunza?"

Pechiammal alikuwa amerudi dirishani, anajitazama. Hakuwahi kujiona mkubwa namna ile.

"Nimezeeka," alisema.

"Umechoka tu. Kaa."

Akakaa karibu na kompyuta, kwenye ncha ya kiti, kama mtu asiyetaka kukichafua. Ponmani akafungua picha ileile kwenye kioo cha kompyuta, tayari kwa ugomvi mwingine.

"Nikirudi nayo bado iko pale, watanuna," alisema Pechiammal.

"Wanune."

Mwanamke yule akausogeza uso wake karibu na kioo.

"Unaweza kunitia maua kwenye nywele?"

Mkono wa Ponmani ukasimama juu ya kipanya. "Asumini?"

"Asumini, na yale mengine ya rangi ya machungwa. Halafu kidoti chekundu hapa kwenye paji. Kiwe kikubwa, binti. Wakione kutoka ndani ya basi."