Kisigino cha Mzee Abdulkarimu

Mke wangu Hajira hutazama viatu vya mgeni kwanza, uso baadaye. Si dharau, ni mazoea ya kazi. Mtu akipiga hodi kwetu, macho ya Hajira hushuka chini kisha hupanda taratibu, na mgeni anapoanza kusalimia yeye ameshajua kama viatu vililala nje kwenye mvua au vilikaa stoo pamoja na salfa ya kupulizia mikorosho.

Tunakaa pembezoni mwa mji wa Nachingwea. Mimi ni fundi viatu. Zamani nilikuwa na meza sokoni, lakini sokoni fundi anatakiwa kuita watu, na sauti yangu haipendi kutoka. Wenzangu walikuwa wakipaza sauti, "Njoo kaka, kiatu kinacheka hicho!" na watu wanakwenda kwao. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa, nashona. Tulipokuwa tumeoana karibuni, Hajira alikuja kunitazama kazini. Alisimama kando ya mabanda ya mitumba bila mimi kumwona. Jioni akaniambia, "Kesho meza irudi nyumbani. Wewe shona. Kusema niachie mimi." Ndivyo kazi ilivyohamia barazani kwetu, na watu wakaifuata.

Kabla ya hapo Hajira alikuwa mbanguaji wa korosho katika kikundi cha akina mama. Ganda la korosho lina mafuta meusi ambayo yakishika ngozi ya mtu huiunguza na kuichuna. Ncha za vidole vyake hadi leo zina weusi ambao sabuni haikuuweza. Binti yetu Fauzia alipokuwa mdogo alimwuliza kama alizaliwa na kucha za kunguru. Hajira akamjibu, "Ndiyo, na baba yako akanipenda hivyo hivyo."

Mwanzoni alikuwa akipokea viatu na kuvipiga kiwi tu. Lakini hakuridhika. Alikuwa akikiinua kiatu nilichomaliza kushona, anakigeuza, anasema, "Kimepona, lakini uso bado unaumwa." Akaanza kujaribu rangi kwenye viatu vyangu mwenyewe. Akaviharibu, akavitengeneza, akaviharibu tena. Kuna kipindi nilikuwa naenda msikitini na kiatu kimoja cha kahawia na kingine cha rangi ambayo sijui niiite nini. Sikulalamika. Nilikuwa naona anaelekea mahali. Siku hizi mtu akileta viatu vyenye madoa au vilivyopauka, havipitii kwangu kwanza. Vinaenda kwake.

Mwaka jana, ufuta ulipokuwa umeshauzwa na vumbi limeanza, alikuja mtu kutoka Ruangwa anaitwa Shaban. Alikuwa amebeba kikapu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Shikamoo dada," alimwambia Hajira, ingawa umri wao ulikuwa mmoja.

"Marahaba. Shida imekupunguza umri leo?"

Shaban akacheka kidogo, akakaa kwenye benchi, akatoa viatu. Vilikuwa viatu vya ngozi vya kamba, vya kizamani, soli nene. Vilikuwa vya kahawia, lakini jua na miaka vilikuwa vimevipausha. Cha kushoto kilikuwa na doa jeusi kwenye pua, kubwa kama kiganja cha mtoto, linalong'aa kwa unyevu. Hajira hakuligusa. Alisogeza uso karibu, akanusa, akarudi nyuma.

"Nani amepaka mafuta ya maganda?"

"Mimi."

"Ulitaka mchwa wasile kiatu?"

Nilijifanya nakata uzi kwa meno ili nisicheke.

"Usinicheke, dada," alisema Shaban. "Nguzo za banda langu zote nimezipaka mafuta hayo. Mchwa hawajagusa hata moja, na zimekuwa nyeusi, zinapendeza. Nikaona viatu vimepauka. Nikasema, kama mti unang'aa, ngozi itashindwaje?"

"Ikang'aa?"

"Jioni moja. Asubuhi ikaanza kunata. Nikavivaa kidogo nione, jioni yake vidole vikawaka moto." Akavua ndala akatuonyesha. Ngozi ya vidole viwili vya mguu wa kushoto ilikuwa inabanduka.

Hajira alipoona vidole aliacha utani. Akamletea maji ya kunywa, akamwambia aeleze.

Viatu havikuwa vyake. Vilikuwa vya mjomba wake, mzee Abdulkarimu, aliyefariki siku chache tu nyuma. Huku kwetu mjomba akifa, jina lake halizikwi pamoja naye. Mtoto wa dada yake hulirithi. Siku ya arobaini hutoka ndani ya nyumba ya marehemu akiwa amevaa nguo na viatu vyake, anatembea hadi kwenye mkeka wa wazee, na mkubwa wa ukoo akimshika mkono na kumwita kwa lile jina, basi limekuwa lake, pamoja na mzigo wote wa kuangalia dada za marehemu na watoto wao. Jina hilo lilikuwa haki ya Shaban. Lakini mkubwa wa ukoo wao, mzee Kaimu, alikuwa na moyo mzito.

"Anamtaka Ismaily, mtoto wa mama mdogo," alisema Shaban. "Anasema mikono yangu haitunzi kitu. Siku ya msiba nilikabidhiwa viatu hivi mbele ya watu nivihifadhi. Sasa nikitoka na vingine, nimempa maneno yake mdomoni."

"Na mama yako anasemaje?"

Shaban aliangalia kikapu. "Mama hazungumzi mambo ya jina. Ameomba kitu kimoja tu, aone viatu vya kaka yake vikitoka tena pale mlangoni."

Kisha akasema haraka, "Vipake rangi nyeusi vyote, dada, yaishe."

"Mjomba wako alikuwa anavaa vyeusi?"

"Hapana. Kahawia ya kuiva."

"Sasa ukitoka na vyeusi, watajua ni mjomba yupi huyo?"

Shaban akavisukuma viatu kwake. Alisema siku za shughuli zikikaribia hataruhusiwa kutoka nyumbani, kwa hiyo itabidi viatu vipelekwe. Hajira akasema, "Atavileta baba Fauzia." Mimi nilikuwa natafuta sindano iliyokuwa mkononi mwangu.

Alipoondoka, Hajira alijipaka mafuta ya nyonyo viganjani na hadi katikati ya vidole, kama walivyokuwa wakifanya kwenye kubangua. Alifuta doa kwa kitambaa kikavu, bila kusugua, maana ukisugua unayasukuma mafuta ndani. Kisha akalifunika kwa rundo la unga wa muhogo, akakiacha kiatu kivulini. Unga ulipobadilika rangi aliukung'uta kwenye shimo, kuku wasije wakaula, akaweka mwingine. Alifanya hivyo hadi unga ukatoka mweupe kama ulivyoingia. Jirani yetu mmoja alipita akauliza kama siku hizi tunapika viatu. Hajira akamwambia, "Karibu chakula."

Mafuta yalitoka, kunata kukaisha. Lakini weusi ulibaki ndani ya ngozi. Hajira aliukubali haraka kuliko mimi. Alivifuta viatu vyote viwili kwa petroli kidogo kuondoa kiwi ya miaka yote, akaviacha vipate hewa, kisha akavilisha mafuta ya ng'ombe aliyoyeyusha pamoja na nta. Mafuta hayo tunayanunua kwa wafugaji waliohamia Kilimarondo kutoka kanda ya ziwa. Ngozi iliyokuwa kama ganda la mti ilianza kulegea. Ndipo akakoroga rangi ya kahawia kwenye spiriti, akaionja kwanza kwenye ulimi wa kiatu, mahali pasipoonekana, akasubiri ikauke, akaongeza nyekundu kidogo, akaonja tena.

Doa alilitendea hivi. Hakujaribu kulificha. Aliifanya pua ya kiatu cha kulia nayo iwe nyeusi, kisha kwenye viatu vyote viwili akaupunguza weusi taratibu kurudi nyuma, hadi ukayeyukia kwenye kahawia, mtu asijue unaishia wapi. Alifanya kazi hiyo kwa kitambaa alichokizungusha kwenye kidole, hazungumzi, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Alipomaliza nilivishika nikaona kana kwamba fundi wa kwanza alivitengeneza hivyo.

Tuligombana juu ya kisigino. Soli na visigino ni kazi yangu, na kisigino cha kulia kilikuwa kimelika vibaya ukingo wa nje, kama kipande cha sabuni. Nilikuwa nimeshakata mpira wa kukisawazisha.

"Acha," alisema Hajira.

"Mama Fauzia, mtu atapepesuka. Atadhani mimi sijui kazi."

"Unamjua aliyekila kisigino hiki?"

"Simjui. Amekufa."

"Basi muachie chake. Rangi ni yetu. Hapo ni pake."

Nilikasirika, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Fundi kutoa kiatu chenye kisigino kibovu ni aibu. Lakini niliporudi nilipiga misumari miwili tu ya kuzuia kisitoke, sikuongeza kitu.

Siku ya arobaini nilipanda gari la alfajiri kwenda Ruangwa nikiwa na viatu mapajani, vimefungwa kwenye kitambaa. Mzee Abdulkarimu alikuwa akiishi nje kidogo ya mji. Nilimaliza njia nikijifunza maneno ya kusema nikifika, na nilipofika yote yalikuwa yamenitoka. Mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki alinipokea uani. Ndiye bi Safina, mama yake Shaban. Alikifungua kitambaa, akavitazama viatu muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu ya zile pua nyeusi.

"Mh," alisema. Basi. Akaingia navyo ndani.

Nilikaa mwisho wa safu ya wanaume. Baada ya dua, mlango wa nyumba ukafunguliwa, Shaban akasimama kizingitini na kanzu ya mjomba wake. Watu wakamtazama juu hadi chini. Mzee Kaimu, aliyekuwa katikati ya mkeka na fimbo mapajani, alinyoosha shingo.

"Hivyo viatu ni vya nani?"

Vichwa vikageukia miguu ya Shaban.

"Nauliza. Nimekaa na Abdulkarimu tangu tunachunga mbuzi. Viatu vyake havikuwa na pua nyeusi. Mmemnunulia dukani huyu?"

Mtu aliyekaa jirani yangu alijua mimi ni nani. Akanisukuma kwa kiwiko. "Fundi, sema." Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Mzee, ngoja nifike," alisema Shaban kutoka mlangoni. Akashuka ngazi, akaanza kutembea.

Nilikuwa nimemwona Shaban akitembea nyumbani kwetu. Alikuwa akitembea wima, kama mtu anayepima shamba. Sasa hakuweza. Kila mguu wa kulia ulipokanyaga, kisigino kilimlaza upande wa nje, bega la kulia likashuka, mkono ukajitupa mbele kidogo ili asianguke, kisha akainuka tena. Shuka, inuka. Alikuwa anajitahidi kujinyoosha na viatu vinamkatalia. Kwenye safu ya wanawake mtu mmoja alivuta pumzi kwa sauti. Kisha nikasikia kicheko.

Alikuwa bi Safina. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kaniki ameishika mdomoni.

"Huyo! Huyo anakuja!" alisema. "Mtazameni bega! Nilimwambia kaka tangu utoto, utembee vizuri, unatembea kama unasikiliza ardhi. Akakataa. Hata leo anakataa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Shaban alifika mkekani akiwa amelowa jasho, akasimama, akiegemea kulia.

Mzee Kaimu hakumtazama usoni. Aliinama, akainua pindo la kanzu kwa ncha ya fimbo, akaangalia kisigino.

"Fundi yuko wapi?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hukuona kisigino hiki kimelika?"

"Nilikiona, mzee."

"Ukakiacha?"

"Mke wangu alikataa," nilisema.

Watu waliangua kicheko, hata wale waliokuwa wakilia. Mzee Kaimu mwenyewe alitikisika mabega. Akaguna, akaweka fimbo chini, akauchukua mkono wa Shaban katika mikono yake miwili.

"Na hizi pua nyeusi utanieleza baadaye," alisema. "Najua ni mikono yako." Kisha akapandisha sauti ili wote wasikie. "Karibu nyumbani, Abdulkarimu."

Nilirudi Nachingwea jua linapungua. Hajira alikuwa barazani na kiatu cha mtu mapajani, kitambaa kidoleni. Alitazama viatu vyangu kwanza, akaona vumbi la Ruangwa, kisha akanitazama usoni.

"Alitembeaje?" aliuliza.

Maneno yangekuwa mengi, na mimi nilikuwa nimeshatumia yangu ya siku hiyo. Niliweka chini kitambaa kilichofunga viatu, nikalegeza bega la kulia, nikatembea kutoka barazani hadi mlango wa jikoni, nashuka, nainuka. Hajira alicheka hadi kiatu kikamdondoka mapajani. Aliniambia nirudie, nikarudia.